JENGO LA UMMA NA AFYA YAKO: Mambo matano ya kutazama kabla msingi haujachimbwa

Watu wengi wakizungumza juu ya afya hufikiria dawa, sindano, daktari na kitanda cha hospitali. Ni wachache mno wanaolifikiria jengo lenyewe. Ilhali mgonjwa aliyelazwa siku kumi huvuta hewa ya jengo hilo mchana na usiku, hunywa maji yake, na joto la mabati humshukia kichwani kila adhuhuri. Mtoto wa shule naye hukaa darasani saa saba au nane kwa siku, kwa miaka minane na zaidi. Jengo likiwa zuri husaidia kuponya. Likiwa baya huongeza ugonjwa, na hapana tembe itakayolitibu.

Katika somo la leo tutatazama jinsi majengo ya umma, yaani zahanati, hospitali, shule na ofisi, yanavyoweza kujengwa ili yalinde afya ya watu na wakati huo huo yasiharibu mazingira. Tutachukua mfano wa Wabera, wadi iliyo katika mji wa Isiolo. Jina hilo linamkumbusha Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya ya Isiolo aliyeuawa Juni 28, 1963, miezi michache kabla ya Uhuru.

Kwa nini Wabera? Kwanza, ni mahali pa jua kali, upepo na vumbi. Mvua huja kwa misimu miwili, na mara nyingine haiji kabisa. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilishindwa, kisha mwishoni mwa 2023 yakaja mafuriko. Pili, watu wanaongezeka upesi. Hesabu ya 2009 ilionyesha kwamba kaunti ya Isiolo ina watu 143,294. Hesabu ya 2019 ilionyesha 268,002. Watu hawa wanahitaji madarasa na zahanati, na tangu 2013 kazi ya kujenga na kuendesha zahanati na hospitali za mashinani imo mikononi mwa serikali za kaunti. Jengo la umma hukaa miaka hamsini au zaidi. Wajukuu ndio watakaougua kosa la mchoro wa leo.

Haya basi, tuyatazame mambo hayo matano, moja baada ya jingine.

1. JENGO LIMEELEKEA WAPI?

Isiolo iko karibu sana na ikweta, ambayo inapita Nanyuki. Hapa jua la asubuhi hupiga ukuta wa mashariki, na jua la alasiri hupiga ukuta wa magharibi kwa ukali zaidi, kwa maana wakati huo hewa nayo imekwisha pata moto. Saa sita mchana jua huwa karibu juu ya utosi, na kuta za kaskazini na kusini hupata kivuli zikiwa na ukingo mdogo tu wa paa.

Kanuni inayotokana na hayo ni rahisi. Pande ndefu za jengo zitazame kaskazini na kusini, na pande fupi zitazame mashariki na magharibi. Madirisha makubwa yawekwe kwenye pande ndefu. Upande wa magharibi usiwe na dirisha, au liwe dogo, au uwekwe choo, stoo ya mafagio au ngazi.

Kugeuza mchoro kabla ya kuchimba msingi hakuongezi hata mfuko mmoja wa saruji. Lakini jengo likisha kusimama vibaya, litanunuliwa feni, kisha mashine ya kupoza hewa, kisha umeme wa kuiendesha kila mwezi. Fedha hizo zingeweza kununua dawa.

Na dawa zenyewe zina joto lake. Tazama boksi la dawa nyumbani kwako, utaona pameandikwa zisiwekwe mahali penye joto la kupita nyuzi 25 au 30. Chanjo nyingi, pamoja na dawa ya oksitosini inayozuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Chumba cha dawa kikiwekwa upande wa magharibi chini ya mabati matupu, zile dawa za rafuni zitapoteza nguvu pole pole bila mtu kujua. Mgonjwa atameza dawa kamili na asipone.

2. HEWA INAPITA AU IMEKWAMA?

Vijidudu vya kifua kikuu husafiri hewani. Mgonjwa asiyetibiwa akikohoa katika chumba kilichofungwa, vijidudu hivyo huelea humo kwa muda mrefu, vikimngoja mtu wa kuvivuta. Hewa ikipita, vinatolewa nje, na mwanga wa jua la nje huviua.

Mwaka 2006 ulimwengu ulishtushwa na habari kutoka Tugela Ferry, Afrika Kusini. Wachunguzi walikuta wagonjwa 53 wenye kifua kikuu kinachokataa karibu dawa zote, na 52 kati yao wakafa. Wengi wao walikuwa na virusi vya Ukimwi, na ilidhaniwa kwamba wengi waliambukizwa mle mle hospitalini walikoenda kutafuta tiba.

Mwaka uliofuata ilichapishwa taarifa ya uchunguzi uliofanywa Lima, nchini Peru. Wataalamu walipima hewa katika vyumba 70 vya hospitali. Waligundua kwamba hospitali za zamani, zilizojengwa kabla ya 1950 zikiwa na dari ndefu na madirisha makubwa, zilibadilisha hewa yake yote mara 40 kwa saa madirisha yakiwa wazi. Hospitali za kisasa zenye madirisha zilibadilisha mara 17 tu, na vyumba vya kutumia mashine mara 12. Kisha wakakisia ni watu wangapi wangeambukizwa kama wangekaa humo saa 24 pamoja na wagonjwa wasiotibiwa: kwenye vyumba vya mashine ni watu 39 kwa kila 100, kwenye majengo ya kisasa 33, na kwenye majengo yale ya kale ni 11 tu. Bila shaka wajenzi wa kale hawakuwa na elimu kutupita. Walijenga hivyo kwa sababu hawakuwa na dawa, na hewa ndiyo iliyokuwa tegemeo lao.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kwamba wodi ya kawaida ipate lita 60 za hewa safi kila sekunde kwa kila mgonjwa, na vyumba vya wagonjwa wa maradhi yanayoenea kwa hewa lita 160. Ili kufikia kiasi hicho bila mashine, fanya hivi:

(a) Weka madirisha pande mbili zinazotazamana, ili hewa iingie huku na kutoka kule. Dirisha la upande mmoja pekee halitoshi.

(b) Weka matundu ya kudumu juu ya kuta, karibu na dari, yasiyoweza kufungwa. Usiku wa Isiolo huwa na baridi na upepo, na wagonjwa watafunga madirisha. Matundu ya juu yataendelea kutoa hewa chafu bila kumpiga mgonjwa upepo wa kifua.

(c) Weka wavu wa kuzuia mbu. Lakini kumbuka kwamba wavu hupunguza hewa, kwa hiyo dirisha lenye wavu liwe kubwa zaidi.

(d) Wagonjwa wanaongoja daktari wakae kwenye veranda pana yenye paa, nje ya jengo. Ile njia ya ndani, nyembamba na yenye giza, iliyojaa watu wanaokohoa, ndiyo mahali pa hatari kubwa kuliko pote.

Je, haya yamefanyika popote? Naam. Huko Butaro, kaskazini mwa Rwanda, ilifunguliwa hospitali mwaka 2011 iliyochorwa kwa kufuata mambo haya haya. Haina njia za ndani: watu hupita kwenye veranda za nje. Wodi zina madirisha pande zote mbili, dari ndefu na feni kubwa. Kuta zake zimejengwa kwa mawe meusi ya volkeno yaliyookotwa pale pale, na maelfu ya wakazi walipata kazi na ufundi.

Hata hivyo, msomaji, tusichanganye mambo. Hewa safi haitibu kifua kikuu. Mtu anayekohoa kwa majuma mawili au zaidi aende akapimwe, na akianza dawa azimalize. Kazi ya jengo ni kuwalinda wale walio karibu naye.

3. PAA NA KUTA

Sehemu ya jengo inayopigwa na jua zaidi ni paa. Mabati yasiyo na dari hugeuza darasa kuwa tanuri ifikapo saa saba. Mtoto husinzia, kichwa humuuma, na mwalimu hudhani ni mvivu. Wodini ni hatari zaidi, kwani watoto wachanga, wajawazito, wazee na wenye homa hupoteza maji mwilini upesi.

Dawa ya paa ni kuliweka mbali na chumba. Mchoraji majengo Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando nchini Burkina Faso, alijenga shule ya kijiji chake mwaka 2001 kwa matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Juu ya dari aliinua mabati kwa vyuma vyembamba, ili upepo upite katikati na kuondoa joto kabla halijashuka. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kuliko zote katika fani hiyo. Kazi yake nyingine iko hapa hapa Kenya, kando ya Ziwa Turkana: chuo cha vijana cha ufundi wa kompyuta kilichokamilika 2021. Kina minara mirefu iliyoiga vichuguu vya mchwa. Hewa ya moto hupanda na kutokea juu ya minara, na hewa baridi huingia chini. Mkazi wa Isiolo ameviona vichuguu maisha yake yote. Darasa liko njiani.

Na tusiwasahau mafundi wa tangu asili. Nyumba za mikeka za jamii za wafugaji wa kaskazini, ambazo hujengwa na akina mama, hupitisha hewa na hazihifadhi joto usiku. Mwaka 1976 Annalena Tonelli, mama wa Kiitaliano, alianza kuwatibu wafugaji wenye kifua kikuu huko Wajir. Hakuwalaza katika wodi za kufungwa. Waliishi kwenye manyatta, katika vibanda walivyovizoea, karibu na kituo cha tiba, wakitazamwa wakimeza dawa kila siku hadi wakamaliza. Mahali palipomfaa mgonjwa palimfanya abaki, na kubaki kulimponya.

Kuhusu kuta, jambo kubwa ni nyufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, na katika sehemu kame za kaskazini usipoziba ufa unaweza pia kuugua kalazaa. Ugonjwa huu hufura wengu na kuua usipotibiwa, na huenezwa na usubi wa mchangani, ambao hupenda kujificha katika nyufa za kuta na katika vichuguu. Piga lipu na uzibe nyufa kila mwaka.

Onyo moja: majengo mengi ya umma ya zamani nchini yaliezekwa kwa asbesto. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Usiyakate, usiyavunje, wala usiyaweke kuwa sakafu ya banda la kuku. Mwite afisa wa NEMA aeleze yatakavyoondolewa.

4. MAJI YA PAA NI MALI

Hebu tupige hesabu pamoja. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Tuseme zahanati ina paa la mita 20 kwa 10, yaani mita za mraba 200, na mwaka huo mvua ni milimita 500. Paa limepokea lita 100,000. Ondoa sehemu moja ya tano iliyopotea, zimebaki lita 80,000. Zahanati inayotumia lita 400 kwa siku itakidhi mahitaji ya siku 200. Maji hayo, kama hakuna gata wala tangi, huchimba mtaro ukutani na kwenda zake.

Sasa, tangi moja la lita 10,000 halitoshi, maana mvua huja kwa kishindo na tangi litajaa katika msimu mmoja na kumwaga. Jengo lipangiwe matangi kadhaa, au tangi kubwa la chini ya ardhi. Huko Laikipia, shule ya msingi ya Uaso Nyiro ilijengewa madarasa yanayozunguka ua, na chini ya ua huo ni hazina ya maji ya mvua. Mwaka 2013 baraza la majengo ya kijani la Marekani liliitaja kuwa shule ya kijani kuliko zote duniani. Shule hiyo haikupata sifa kwa mashine za bei ghali. Ilipata kwa kulitumia paa lake.

Zingatia haya mawili. Kwanza, mvua ya mwanzo huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Iache lita mia mbili za mwanzo zimwagike kabla ya kuelekeza maji tangini, na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Pili, tangi lifunikwe kabisa, na matundu yake yawe na wavu. Mwanzoni mwa 2023 taasisi ya KEMRI ilitangaza kwamba imempata katika kaunti ya Marsabit, jirani na Isiolo, mbu wa malaria aitwaye Anopheles stephensi. Mbu huyu alitoka Asia, na tofauti na ndugu zake, yeye huzaa kwenye matangi na mapipa ya maji mijini, hata wakati wa kiangazi. Tangi lililo wazi huvuna maji na kufuga malaria.

5. UWANJA NA MITI

Siku hizi kila uwanja wa ofisi unatandikwa kabro ukuta hadi ukuta. Unapendeza siku ya ufunguzi. Baadaye kabro huhifadhi joto la mchana na kulirudisha kwenye madirisha jioni, na mvua ikinyesha maji hukosa pa kuzama, yakaingia kwa jirani. Tandika njia za kupita watu na magari tu. Sehemu nyingine iachwe udongo, nyasi na miti.

Panda safu ya miti upande wa magharibi na upande unaotoka upepo. Waulize wazee wa mahali upepo mkali unatoka wapi na miezi gani, wanajua kuliko ramani. Miti hukamata vumbi linalowasha macho na kifua. Migunga ya kienyeji na mwarobaini huvumilia ukame. Ipande mbali kidogo na ukuta, mizizi isije ikapasua msingi, na majani yasizibe gata. Maji ya kunawia mikono yaelekezwe kwenye mashina.

Lakini si kila mti wa kijani ni rafiki. Mathenge ulipandwa Baringo katika miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa. Ukaenea hadi malishoni, miiba yake ikajeruhi watu na mifugo, na maganda yake matamu yakaozesha meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wenyeji walikwenda mahakamani, na mwaka 2008 mti huo ukatangazwa kuwa magugu hatari. Kabla ya kupanda mti mgeni, uliza.

WEWE UFANYE NINI?

Huenda unasema, mimi si mchoraji wala kontrakta. Kweli, lakini jengo ni lako. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi zake. Sheria ya mazingira ya 1999 nayo inataka miradi mikubwa ichunguzwe athari zake kabla ya kuanza. Kwa hiyo ukisikia baraza limeitwa juu ya zahanati au darasa jipya, usiende kunywa soda tu. Simama, kwa adabu, uulize ramani iko wapi.

MASWALI YA KUULIZA BARAZANI

1. Pande ndefu za jengo zinatazama wapi? Chumba cha dawa kiko upande gani?
2. Madirisha yako pande mbili? Kuna matundu ya juu yasiyofungwa?
3. Wagonjwa watangoja ndani au kwenye veranda?
4. Kuna dari, na hewa inapita kati ya dari na mabati?
5. Gata na matangi yamo katika bei, au yataongezwa "baadaye"?
6. Ni miti gani iliyopo itakayobaki, na ni mingapi itakayopandwa?
7. Nani atafagia gata, kuziba nyufa na kukagua mifuniko ya matangi kila mwaka, na kwa fedha zipi?

Swali la saba ndilo linalosahauliwa zaidi, nalo ndilo linaloamua kama sita ya kwanza yatadumu. Likate gazeti hili, liweke mfukoni, na siku ya baraza ulitoe.